Malango ya Mji na Orodha ya Majina



Katika Nehemia sura ya 7 ukuta wa Yerusalemu umekwisha kujengwa. Nehemia anaweka mabawabu, anaagiza malango yasifunguliwe mpaka jua liwe kali. Kisha sura ileile inatoa orodha ndefu ya watu waliorudi kutoka uhamishoni. Orodha hiyo huwa tunairuka tukisoma kanisani. Mimi naona malango na majina vimewekwa pamoja kwa sababu.

Parokia zetu nazo zina majina: wakimbizi wa ndani wanaopokea msaada, watoto waliopotezana na wazazi, akina mama waliotendewa jeuri wakaletwa kituo cha afya. Zamani yalikaa katika daftari. Sasa mengine yanawekwa katika seva, yaani ordinateri ya kukodi iliyo mbali, ambayo vita ikifika hapa haiungui wala haiporwi. Lakini mwenye kuipata orodha hiyo anajua nani analala wapi.

Mnamo Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wezi wamefikia habari za watu zaidi ya 515,000, wakiwemo waliotenganishwa na jamaa zao kwa vita, uhamaji au maafa. Waliingia tarehe 9 Novemba 2021, wakagunduliwa tarehe 18 Januari. Siku 70 ndani ya nyumba.

Seva yenye anwani ya wazi katika intaneti ni kama nyumba iliyo kando ya barabara kuu: yeyote duniani anaweza kubisha. Mwaka 2013 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa programu ya ZMap, inayoweza kugonga mlango mmoja wa kila anwani ya kawaida ya intaneti kwa muda usiofika dakika 45. Kwa hiyo tusiseme, sisi ni kanisa dogo, nani atatutafuta? Hawatutafuti. Wanagonga milango yote.

Dawa mojawapo ni kuinyima seva anwani ya wazi. Tazama simu yako ikiwa kwenye Wi-Fi: mara nyingi anwani yake huanza na 192.168. Hiyo ni anwani ya ndani tu. Mtu wa nje hawezi kuiita moja kwa moja.

Basi fundi wetu ataingiaje, naye yuko Bunia au Uvira? Hapa ndipo penye akili. Seva haingoji kuitwa. Yenyewe inapiga kwenda nje, kwa bawabu, na kuishika laini. (Lazima iachiwe njia ya kutokea, hata kama hakuna ya kuingilia.) Fundi naye anampigia bawabu huyohuyo. Bawabu anamwuliza: u nani, na namba ya siri ya dakika hii ni ipi? Akiridhika, anaunganisha laini mbili, na anaandika nani ameingia na saa ngapi. Huduma ya Amazon iitwayo Session Manager inafanya hivyo tangu 2018.

Bawabu naye ni programu, lazima atunzwe. Wezi wa Msalaba Mwekundu walipitia kasoro katika sehemu ileile inayothibitisha watumiaji. Dawa yake ilikuwepo, haikuwa imewekwa.

Nisemalo kwa uchungu ni hili: katika kamati zetu neno la siri ni moja, wanalijua watu saba, na wawili kati yao walikwisha kuhama. Bawabu atamwulizaje mtu jina lake, kama wote wanajiita "katibu"? Kila mtu apewe ruhusa yake mwenyewe, na kwa kazi yake tu. Mchungaji hana haja ya kuona yote, hata mimi.

Kwa namba ya siri ya dakika, msitegemee ujumbe wa SMS. Tunajua jinsi mtandao unavyokatika. Kuna programu za simu zinazoitoa bila mtandao. Namba za akiba ziandikwe kwenye karatasi, zifungiwe pamoja na fedha za parokia. Na katibu akinyang'anywa simu au ordinateri njiani, amwambie fundi siku ileile, bila aibu, ruhusa yake ifungwe kabla ya usiku.