Vidole viwili vikifa ganzi, angalia kiwiko

Ushawahi kugonga kiwiko kwenye kona ya meza ukahisi ni kama umepigwa na stima hadi kidole cha mwisho? Hiyo ni neva ya alna. Hupita nyuma ya mfupa wa ndani wa kiwiko, karibu kabisa na ngozi, bila nyama ya kuikinga.

Ukikunja mkono, neva hii huvutika na njia yake hubana. Sasa hesabu masaa yako: simu sikioni, viwiko mezani ukifanya kazi za mtandaoni, usiku umelalia mkono uliokunjwa. Kinyozi anayeshika mashine kutwa nzima pia yumo.

Dalili ni kidole kidogo na nusu ya kile cha pete kufa ganzi, sanasana usiku. Ikiwa ni kidole gumba na viwili vinavyofuata, hapo shida huwa kwenye kifundo cha mkono, si kiwiko.

Ukiwahi mapema, mara nyingi hutahitaji kisu. Acha kuegemea viwiko. Piga simu kwa spika. Usiku, zungushia kiwiko taulo, lisikaze sana, ili mkono ukatae kukunjika. Ni kero kulala hivyo, na itabidi uvumilie wiki kadhaa. Mtaalamu wa fiziotherapia atakufunza mazoezi ya kuilegeza neva polepole. Dawa za maumivu hupunguza uchungu tu, haziondoi kinachobana.

Lakini kama vitu vinakuponyoka, kufungua chupa ni vita, ama nyama kati ya kidole gumba na kinachofuata imebonyea, manze, usingoje mwisho wa mwezi. Nenda hospitali. Daktari anaweza kuagiza kipimo cha umeme kuona neva inapitisha ujumbe kwa kasi gani. Ikibidi upasuaji, hufungua njia iliyobana, ama huhamisha neva ikae mbele ya mfupa.

Kwa nini haraka? Neva iliyoumia humea takriban milimita 1 kwa siku. Kutoka kiwiko hadi vidoleni ni safari ya miezi mingi, na nyama ikishakwisha huenda isirudi yote. Kwa msee ambaye hasla yake ni mikono, kusuka, kunyoa ama kuchapa, hiyo ni kodi ya nyumba inayoenda hivyo.

Kwa hivyo leo usiku, kabla hujazima taa, nyoosha mkono.