JE, WAJUA? Ndizi ikiiva sana, huna haja ya sukari

Katika ndizi mbichi, wanga ni takriban asilimia 20 ya uzito wa sehemu inayoliwa. Ikiiva, karibu wanga wote hugeuka sukari. Kwa hiyo mkungu unaoiva jikoni, Bukoba au Muleba, ni kifungua kinywa kitamu kisichohitaji sukari ya dukani.

Jirani zetu wa Uganda wanalijua hilo siku nyingi: kabalagala hukandwa kwa ndizi mbivu na unga wa muhogo, kisha hukaangwa.

Hutaki kukaanga? Oka. Ponda ndizi kisukari 4 zenye maganda yaliyoingia madoa meusi, tia yai 1 na kikombe 1 cha oti. Mimina kwenye sufuria iliyopakwa mafuta, ufunike. Weka mkaa kidogo chini, mwingi juu ya kifuniko. Chomeka kijiti katikati. Kikitoka kikavu, keki imeiva.

Oti nazo zina nyuzi lishe ziitwazo beta-glukani. Gramu 3 kwa siku husaidia kushusha kolesteroli. Mpe mtoto kipande na kikombe cha maziwa, aende shule ameshiba.