Je, Wajua? Aliyemalizia Wasifu wa Mgeni wa Juja

Je, wajua kwamba Winston Churchill aliwahi kufika huku kwetu? Ukiwa Gatongora, Ruiru, Juja si mbali. Huko ndiko alikopokewa mwaka 1907, akiwa naibu waziri wa makoloni wa Uingereza, kwenye shamba la William Northrup McMillan, tajiri Mmarekani. Alizunguka akiwinda, na mwaka uliofuata akatoa kitabu cha safari hiyo, My African Journey.

Wasifu wake rasmi ulianzwa na mwanawe, Randolph. Juzuu ya kwanza ilitoka 1966, ya pili 1967, nayo inaishia mwaka 1914. Juni 1968 Randolph akafariki, akiwa na miaka 57. Vita viwili vya dunia vilikuwa bado havijaandikwa! Nani angeshika kalamu?

Je, wajua kwamba jina la ukoo halikutumika tena kama kigezo? Oktoba mwaka huohuo kazi ilikabidhiwa Martin Gilbert, mwanahistoria wa Oxford aliyekuwa na umri wa miaka thelathini na ushei tu. Tangu 1962 alikuwa miongoni mwa vijana waliomsaidia Randolph kwa utafiti, nyumbani kwake East Bergholt, wakipekua barua moja baada ya nyingine. Huo ndio urithi wenyewe, kwa maoni yangu: kujua barua gani iko wapi, na nani alikuwa akimjibu nani. Mwandishi mashuhuri aliyetoka nje angehitaji miaka mingi kuyafahamu hayo kabla ya kuandika ukurasa wa kwanza.

Gilbert aliandika juzuu sita zilizobaki, ya mwisho ikatoka 1988. Zikafika nane. Kando yake kulikuwa na juzuu za nyaraka zenyewe, na hizo zilikuwa bado hazijakamilika alipougua 2012. Aliyezimalizia ni Larry Arnn wa Chuo cha Hillsdale, Marekani. Naye, miaka ya 1970, alikuwa msaidizi wa utafiti wa Gilbert! Nyaraka za mwisho zilitoka 2019.

Je, wajua kwamba wasifu wa Mwalimu Nyerere wa mwaka 2020 ulipita njia nyingine? Juzuu zake tatu ziligawanywa kwa waandishi watatu: Saida Yahya-Othman, Ng'wanza Kamata na Issa Shivji. Mzigo wote haukuachwa juu ya bega la mtu mmoja.