Samaki-Ngoma wa Marekani: Mzee wa Majini Atupwaye Ukingoni

Mvuvi wa Ziwa Erie, mpakani mwa Marekani na Kanada, hutupa mshipi wake akitumaini kupata samaki wa kujivunia mbele ya wenzake. Mara nyingi huvuta kitu kizito kisichokubali kuja upesi. Kikifika juu, huona samaki wa rangi ya fedha iliyofifia, mwenye mgongo ulioinuka kama nundu na mkia usio na panda. Hapo hukunja uso. Huyo ndiye samaki-ngoma wa maji baridi, ambaye wataalamu humwita Aplodinotus grunniens, na ambaye kwa miaka mingi amehesabiwa miongoni mwa samaki duni. Wengine humrudisha majini kwa hasira. Wengine humtupa ukingoni aliwe na ndege.

Laiti wangalijua umri wake, huenda mkono ungalisita. Hapo zamani wataalamu walihesabu duara zilizomo katika magamba, mfano wa mtu ahesabuye duara za gogo la mti. Magamba yaliwadanganya, kwa kuwa samaki akizeeka hukua polepole mno, na duara za miaka ya mwisho hubanana hata zisionekane. Ukweli ulipatikana kichwani, ndani ya mawe mawili ya masikio yamsaidiayo kusikia na kujiweka sawa majini. Jiwe hilo likikatwa na kutazamwa kwa hadubini, kila mwaka huonekana peke yake. Katika maziwa ya Red Lakes, jimbo la Minnesota, wamepatikana samaki-ngoma wenye umri wa miaka 72. Katika mto Cahaba huko Alabama, kusini kwenye maji yenye joto zaidi, umri wa juu uliopatikana ni miaka 32. Basi kijana wa Minnesota amtupaye samaki huyo kama takataka aweza kuwa anamtupa aliyeanguliwa kabla ya babaye kuzaliwa.

Mawe hayo ni makubwa kuliko ya samaki wengi, meupe na laini kama pembe ya ndovu, nayo yana mfuo unaofanana na herufi L. Mawimbi ya Erie huyatupa ufukoni, na watu huyaokota na kuyaita mawe ya bahati. Desturi ya kuyathamini si ya jana: yamechimbuliwa katika makazi ya kale huko Utah na California, mbali sana na maji aishimo samaki mwenyewe.

Jina la ngoma alipewa kwa sababu ya sauti. Dume aliyekomaa ana misuli maalumu inayotikisika juu ya kibofu chake cha hewa, na kibofu hicho hutoa mngurumo kama ngozi iliyowambwa. Jike hana misuli hiyo. Wakati wa kuzaana, mwishoni mwa majira ya kuchipua na mwanzoni mwa kiangazi cha huko, mtu aliyeketi kimya mashuani aweza kuisikia ngoma hiyo ikipigwa chini yake.

Ukoo wake ni wa baharini, na baadhi ya jamaa zake huvuliwa hata katika Bahari ya Hindi. Katika Marekani ya Kaskazini, yeye peke yake ndiye aishiye maji baridi tangu yai hadi kufa. Uzazi wake pia ni wa kibahari. Perege wengi wa maziwa yetu huficha mayai kinywani, lakini samaki-ngoma hajengi kiota wala halindi mwana. Jike huyaachia maelfu kwa maelfu ya mayai, na kila yai lina tone la mafuta liliwezeshalo kuelea. Mkondo huyachukua, na kwa muda wa siku moja au mbili huanguliwa. Wataalamu huona hiyo ni sababu mojawapo ya samaki huyu kuenea kutoka mito imiminikayo katika Ghuba ya Hudson, Kanada, hadi Guatemala.

Kooni ana meno mapana ya kusagia, ambayo kwayo huponda konokono na kome. Mwaka 1988 waligunduliwa katika maziwa hayo makuu kome wageni wenye milia, waliofika kutoka Ulaya ndani ya maji ya kutuliza meli, nao wakaziba mabomba ya maji ya miji. Samaki-ngoma aliwageuza chakula. Hakuwamaliza, kwani huzaliana kupita kiasi. Lakini ni miongoni mwa wachache walioweza kuwala.

Kumvua si kazi ya ufundi mkubwa. Hukaa karibu na sakafu ya maji, kwa hiyo mshipi hutiwa chubwi ili chambo kifike chini: nyungunyungu, kamba wa mtoni au dagaa. Jioni na usiku hula vizuri zaidi. Wengi huwa na kilo moja au mbili, ila aliyevunja rekodi, aliyevuliwa mwaka 1972 katika ziwa la Nickajack, Tennessee, alikuwa na uzito wa kilo 24.7.

Sifa mbaya ya nyama yake hutokana zaidi na uvivu wa mvuvi. Samaki huyu akiachwa juani nyama hulegea. Akikatwa mashavu damu itoke, kisha akalazwa katika barafu papo hapo, minofu hubaki myeupe na imara. Huko Louisiana huitwa gaspergou, jina la asili ya Kifaransa lenye maana ya mvunja kombe, na hupikwa kwa mchuzi mzito wa nyanya, vitunguu na pilipili. Wadogo hukaangwa. Wakubwa wafaa mchuzi, na mpishi apasuaye kichwa hukuta yale mawe mawili, meupe, yakimngoja.