CHEMKA: Maji hayachemki, kinachochemka ni mshiko!

Ukitaka kumchekesha mtu wa Shinyanga, mwambie kuna watu wanakata tiketi ya basi, wanalala gesti, asubuhi wanapanda bodaboda kwenye vumbi la kufa mtu, na safari yote hiyo ni kwenda kuingia majini na kaptula halafu watoke. Hawachoti hata ndoo moja. Atakukazia macho kwanza, aone kama umeamka na kitu kichwani.

Simlaumu. Huku kwetu maji ni kitu cha kutafutwa. Waliokulia vijijini wanajua habari ya kuchimba mchanga wa mto mkavu kwa bakuli, unasubiri yajikusanye, unachota kidogo kidogo huku foleni nyuma yako inaguna. Mwalimu Nyerere alipopita mkoani mwaka 1984 alikuta nchi imekuwa uwanja mtupu, miti imekatwa tangu enzi za kufukuza mbung'o na kupanua mashamba ya pamba. Matokeo yake mwaka 1986 ukaanza mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga. Maji ya bomba ya kueleweka miji ya Shinyanga na Kahama iliyaona miaka zaidi ya ishirini baadaye, yalipovutwa kutoka Ihelele, wilayani Misungwi, kwenye Ziwa Victoria. Mradi ule ulizinduliwa mwaka 2009, na Misri ilinuna kidogo kwa sababu ya mikataba ya Nile ya wakati wa mkoloni. Lakini hiyo ni hadithi ya siku nyingine.

Sasa hebu tuulizane, sisi vijana wa Kahama, Geita, Katoro na Shinyanga mjini. Jumamosi ikifika tunakwenda wapi? Jibu unalo. Baa. Tukitoka pale, baa nyingine yenye muziki mkubwa zaidi. Mwenye duara lililotema anafunga kaunta, wapambe wanamzunguka, Jumatatu anakopa nauli ya kurudi machimboni. Dhahabu inatoka ardhini kwa jasho, karasha linasaga mawe usiku kucha, halafu mshiko wote unaishia kwenye chupa. Simhubirii mtu, hata mimi huwa nipo pale pale. Nasema tu kwamba hatuna uchaguzi mpana.

Watoto ndio wana hali mbaya zaidi. Wao hawaingii baa, wanaingia kwenye malambo na mashimo. Masika yakipiga, mashimo ya zamani ya wachimbaji hujaa maji na kung'aa vizuri tu, kama bwawa la hoteli. Ukingo wake umesimama wima kama ukuta, hakuna pa kushika, na chini kuna matope ambayo hujui yamebeba zebaki kiasi gani. Lambo nalo lina kichocho. Konokono wanaokisambaza wanapenda maji yaliyotulia, na ukanda huu wa Shinyanga na Mwanza unasifika kwa ugonjwa huo tangu zamani. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na karibu nusu yao hawakuwa wametimiza umri wa miaka 30. Kwa hiyo mtu akisema habari ya kuogelea ni starehe ya wazungu, mimi nampinga. Watoto wetu wanaogelea kila siku, tena mahali pabaya.

Nirudi kwa wale wa kaptula.

Mahali penyewe panaitwa Chemka, au Kikuletwa, karibu na kijiji cha Rundugai, wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro. Wengine huita Maji Moto, ingawa moto wenyewe ni wa jina tu: maji ni vuguvugu, kama ya mtoto wa kuogeshwa. Jina la Chemka limetokana na namna yanavyobubujika kutoka chini, utadhani sufuria iko jikoni. Mvua inayonyesha kwenye milima ya Kilimanjaro na Meru inapenya ndani ya miamba ya volkano, inatembea gizani, halafu inaibukia pale tambarare, katikati ya nchi kavu yenye miiba. Ukiwa njiani kutoka Boma Ng'ombe unaona vumbi tu, unaanza kujiuliza kama dereva anakupeleka kukukaba. Ghafla mikuyu mikubwa inatokea, mizizi imening'inia majini, na maji yenyewe ni ya buluu, unaona mpaka mchanga wa chini.

Nilikwenda na washikaji watatu. Mmoja ni mchimbaji wa Nyarugusu, kijana mwenye mikono kama koleo, ambaye ameshuka kwenye mashimo ya kutisha na kutoka salama. Pale ukingoni aligoma. Kuna kamba imefungwa kwenye tawi, unaishika, unabembea, unajiachia katikati. Watoto wa pale wanairukia kama nyani. Jamaa akaikazia macho dakika nzima, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hivi chini ni futi ngapi?" Baadaye alipoizoea tulimtoa kwa kumvuta. Visamaki vidogo vinakudonoa nyayo mpaka unacheka peke yako. Kumbe hiyo nayo ni huduma, kuna miji watu wanalipia samaki wa kudonoa miguu!

Nikiwa nimekaa kwenye mzizi nikikauka, nikaanza kuhesabu. Mlangoni kuna kiingilio, na mgeni wa nje analipa zaidi ya mzawa. Kuna wa kukodisha tyubu za magari za kuelea. Kuna chipsi, nyama ya kuchoma na soda. Bodaboda na bajaji za Boma zinakwenda na kurudi. Kuna wenye magari ya watalii wanaoleta wazungu waliotoka kupanda mlima na sasa miguu inawauma. Wote hao wanakula kwenye shimo moja la maji ambalo hakuna aliyelichimba.

Na kuna jambo moja naomba uliangalie vizuri: anayeogelea hayamalizi maji. Yale yale tuliyochezea sisi yanaingia Mto Kikuletwa, yanafika bwawa la Nyumba ya Mungu, yanageuza mitambo ya megawati 8 pale, yanaendelea na Mto Pangani hadi Hale, megawati 21, halafu Pangani Falls, megawati 68. Njiani wakulima wamenywesha mashamba. Kwa hiyo kuogelea kwetu pale ilikuwa ni nyongeza juu ya matumizi mengine yote, bila kumpunguzia mtu hata kikombe.

Sasa thamani ya kitu kama hicho unaipataje? Ukichukua kiingilio peke yake utakuwa umejidanganya. Mwaka 1947 bwana mmoja Mmarekani, mchumi aliyeitwa Harold Hotelling, aliandika barua kwa idara ya hifadhi za taifa ya kwao akiwapa mbinu. Akasema, usiangalie bei ya mlangoni, angalia mtu ametumia nini mpaka kufika. Chora miduara kuizunguka hifadhi, wa karibu na wa mbali, hesabu ni wangapi wanatoka kila duara na safari inawagharimu kiasi gani. Wa mbali wanakuwa wachache kwa sababu gharama ni kubwa. Lakini wale wachache wanakuonyesha kwamba starehe hiyo inaweza kustahili hata gharama ile kubwa.

Nikueleze kwa mfano, na tarakimu hizi ni za mfano tu. Tuseme kijana wa Boma Ng'ombe anatumia shilingi 10,000 kwa siku nzima Chemka. Wa Arusha anatumia 40,000. Mimi wa Shinyanga, kilomita kama 700 kupitia Nzega, Singida na Babati, natumia 200,000. Sote tumeogelea maji yale yale. Kama yule wa Boma anaipenda starehe hii kama mimi, basi amepata kitu cha laki mbili kwa elfu kumi. Zile 190,000 haziko kwenye daftari la mtu yeyote, si la kijiji, si la halmashauri. Amekwenda nazo nyumbani moyoni. Ukizijumlisha hizo kwa maelfu ya watu wa karibu ndipo unaona chemchemi ina thamani gani, na kwa nini mwenye kuitazama kwa kiingilio tu anaiona kama senti.

Hesabu ina mitego yake, usiniletee ubishi. Mshikaji wetu mmoja alikuwa na shangazi Moshi, akapitia kumsalimu na kula mtori. Je, nauli yake yote tuiandikie Chemka au tumgawie na shangazi? Wachumi wanagombana kwa mambo hayo hayo mpaka leo. Na siku mbili ambazo yule wa Nyarugusu hakuwa shimoni, nazo ni gharama.

Wenzetu wa Florida, Marekani, wana chemchemi za maji baridi kwa mamia na wameshahesabu. Moja inaitwa Ichetucknee, na starehe yake kubwa ni kuelea na tyubu kufuata mto, mchezo ule ule wa Chemka. Utafiti uliotolewa mwaka 2003 ulikadiria kwamba wageni wake wanaingiza kwenye uchumi wa maeneo ya jirani kama dola milioni 23 kwa mwaka. Hapo ni matumizi ya kweli, yaani hoteli, mafuta na chakula, bado zile za moyoni.

Lakini Florida hiyo hiyo ina kisa ambacho mtu wa Geita anapaswa kukisikia. Kulikuwa na chemchemi inaitwa Kissengen, wilaya ya Polk. Watu walikuwa wanajaa pale kuogelea, kucheza dansi, hata wanasiasa walifanyia mikutano yao hapo. Eneo lile lina fosfeti, madini ya kutengenezea mbolea, na migodi ikawa inapiga pampu kuvuta maji ya ardhini mchana na usiku, na wengine nao wakichimba visima vyao. Mwaka 1950 Kissengen ikakata. Haikupungua tu, ilikoma kutoka. Migodi iliingiza hela, hakuna anayebisha, ila kwenye hesabu zake haukuwepo mstari wa chemchemi, kwa sababu hakuna aliyewahi kuipa bei.

Ndiyo maana nasema tuanze kuhesabu mapema. Shinyanga hatuna Chemka, tusidanganyane. Lakini tuna jambo ambalo wengi wanalisahau. HASHI ilirudisha ngitili, yale maeneo ya malisho na miti ambayo Wasukuma huyafunga ili yapumzike. Kutoka hekta zipatazo 600 mwaka 1986, zilifika laki tatu na zaidi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Watafiti wakaenda kuhesabu kuni, asali, dawa, majani ya kuezekea na maji ya mifugo, na mwaka 2005 wakatoa jibu: ngitili inampa mtu mmoja faida ya dola 14 kwa mwezi, wakati wastani wa matumizi ya mtu wa kijijini nchini ulikuwa dola 8 na nusu. Akina mama waliokoa saa moja hadi mbili kwenye safari ya maji. Kabla ya hapo ngitili ilionekana pori tu la mzee fulani.

Na vilima vya upande wa Geita, ambako mvua ni nzuri kuliko kwetu, vina vijito na vichemchemi ambavyo leo vinajulikana na wachunga ng'ombe na wafyatua matofali tu. Mzee mmoja niliyemweleza habari ya Chemka alinisikiliza mpaka mwisho akasema, "Ng'wanawane, watu wakianza kulipa kuoga, ng'ombe wangu watanywa wapi?" Ni swali zito kuliko yote niliyoulizwa. Kiingilio kinaweza kumfungia jirani maji ili mgeni apige picha. Hapo ndipo kijiji chenyewe kinatakiwa kushika lango, kitenge mahali pa ndoo na mahali pa mifugo upande wa chini, waogeleaji wapewe pao. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 nayo inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mto, ziwa au bwawa, kwa hiyo yule anayeota kujenga baa juu ya maji ajue mapema.

Hela za kuanzia? Migodi mikubwa inalipa halmashauri ushuru wa huduma kutokana na mauzo yake. Zinajenga madarasa na zahanati, safi sana. Kabonde kamoja kenye uzio, ngazi za kushukia, mlinzi anayejua kuogelea na vipimo vya maji vya mara kwa mara hakawezi kumaliza bajeti ya mtu. Hesabu upande wa pili dawa za kichocho na misiba ya watoto.

Kwa wanaotaka kwenda Chemka sasa hivi: shuka Boma Ng'ombe, usipitilize Moshi. Nenda katikati ya wiki, Jumapili panajaa mpaka kamba inapangiwa foleni. Sabuni iache gesti, maji yale kuna wanaoyatumia chini. Asiyejua kuogelea achukue tyubu asione aibu, mchimbaji wetu alichukua mbili. Na mabasi ya kurudi kanda ya ziwa yanaondoka mapema, kwa hiyo utalala Boma au Arusha. Gesti hiyo nayo iandike kwenye hesabu ya bwana Hotelling.