Rufaa ya Iringa kwenda Mbeya: Dakika 50 za ndege si safari yote

Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya hupokea wagonjwa kutoka mikoa ya Nyanda za Juu Kusini, Iringa ikiwamo. Familia ikishapewa barua ya rufaa, swali la kwanza huwa moja: tupande basi au tutafute ndege?

Kutoka uwanja wa Nduli hadi Songwe ni takriban kilomita 300 angani. Ndege ya abiria ya kawaida inaweza kuumaliza umbali huo kwa dakika 45 hadi 50. Kwa barabara, kupitia Mafinga, Makambako na Chimala, ni kama kilomita 330, na basi hutumia saa sita au zaidi.

Hapo ndege inaonekana imeshinda. Lakini safari nyingi za ratiba kutoka viwanja hivyo huelekea Dar es Salaam. Mgonjwa wa Iringa akipitia huko, kilomita 300 zinageuka zaidi ya 1,000, kuruka mara mbili na kutua mara mbili, pamoja na saa za kusubiri kwenye joto la pwani. Tena Songwe iko ng'ambo ya jiji, upande wa Tunduma. Ukishuka unarudi mjini kupitia Mbalizi, penye foleni ya malori, wakati aliyetoka Iringa kwa gari anaingia jijini kupitia Uyole bila kufika huko. Kwa hiyo kabla ya kuuza ng'ombe, uliza kama ndege inakwenda moja kwa moja.

Swali la pili ni la daktari. Hewa ndani ya ndege kubwa hupunguzwa mgandamizo, inakuwa kama ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400. Mkazi wa Iringa ameshazoea mwinuko, lakini anayehema kwa shida akiwa amekaa kitandani hatapata nafuu huko juu. Ndege ndogo nyingi hazina kabisa mfumo wa kuongeza mgandamizo wa hewa.

Mwenye upungufu mkubwa wa damu, nimonia kali, hewa iliyovuja kifuani au aliyetoka kupasuliwa tumbo asipande bila ruhusa ya daktari, kwa sababu ndege inapopanda oksijeni hupungua, na hewa iliyofungiwa mwilini hutanuka. Aliyefungwa hogo jana pia aulize, maana mguu unaweza kuvimba ndani yake. Mgonjwa wa oksijeni asitegemee kuingia na mtungi wake. Shirika la ndege liulizwe mapema.

Mtoto mchanga wa chini ya saa 48 hashauriwi kusafiri kwa ndege, na ni vizuri kusubiri hadi wiki moja kama hali inaruhusu. Mtoto mkubwa kidogo mnyonyeshe ndege inapoanza kushuka. Kumeza hupunguza maumivu ya masikio. Mwenye mafua makali atalia zaidi. Mjamzito, kuanzia wiki ya 28, mashirika mengi huhitaji barua ya daktari, na baada ya wiki ya 36 hukataa.

Ikiwa ni dharura ya uzazi au ya kichanga, usianze kutafuta tiketi. Piga 115 bila malipo, namba ya mfumo wa m-mama. Usafiri hupangwa hadi kituo kinachofaa, na kitengo cha wazazi cha hospitali hiyo ya Mbeya kipo Meta.