Triathloni: Mbio si noma, noma ni maji

KOMREDI anayemaliza kilomita 10 kila asubuhi kabla ya lekcha huenda akadhani triathloni iliundwa kwa ajili yake. Kukimbia anaweza. Baiskeli alijifunza ushago. Kuogelea je? Hapo ndipo stori hubadilika.

Mchezo huu una hatua tatu: unaogelea, unaendesha baiskeli, kisha unakimbia, na saa haisimami hata ukiwa unavaa viatu. Ile ya Olimpiki, iliyoingia kwa mara ya kwanza Sydney mwaka 2000, ni mita 1,500 majini, kilomita 40 za baiskeli na kilomita 10 za mbio. Wanafunzi wa kike katika vyuo vya Marekani hushindana kwa nusu yake: mita 750, kilomita 20, kilomita 5.

Shida ya mkimbiaji ni kwamba silaha yake hutumika mwisho. Katika mashindano haya waendeshaji huruhusiwa kufuatana gurudumu kwa gurudumu wakikingana upepo. Ukitoka majini ukiwa umechelewa hata nusu dakika tu, kundi limeshaenda. Utapiga pedali solo, upepo wote ni wako, na ukifika kwenye mbio miguu imekwisha kazi.

Ndiyo maana napenda stori ya Gwen Jorgensen. Akiwa Chuo Kikuu cha Wisconsin aliogelea, kisha akajiunga na timu ya riadha. Alisomea uhasibu na alikuwa tayari ameajiriwa Ernst & Young shirikisho la triathloni la Marekani lilipomfuata, likisaka wanariadha wa vyuo wenye mbio na maji. Alifanya mazoezi kabla na baada ya kazi. Baiskeli ndiyo ilikuwa ngeni kwake. London 2012 alipata pancha akamaliza wa 38. Rio 2016 akabeba dhahabu, ya kwanza ya Marekani katika mchezo huo.

Angalia mpangilio: baiskeli aliijulia ukubwani, lakini maji alikuwa nayo tayari. Kwa wengi wetu mambo ni kinyume. Kwa hivyo kama una pesa kidogo za kutumia, mimi ningezipeleka kwenye kidimbwi na kocha kabla ya kuwaza baiskeli ya bei. Ya mtumba yenye breki nzuri inatosha kuanzia, na ukiwa Nairobi njia za msitu wa Karura ni salama kuliko kubanana na matatu barabarani.

Ukizoea kidimbwi, jua kwamba bahari haina mstari chini wa kukuongoza. Lazima uinue macho kila baada ya mikono kadhaa, huku mwenzako akikupiga teke. Usijaribu hayo peke yako, hata ukiwa Mombasa na ufuo uko karibu na hosteli.

Mara moja kwa wiki, shuka kwenye baiskeli uanze kukimbia papo hapo. Dakika za kwanza miguu itakuwa kama magogo, ni kawaida. Zoea pia kufunga helmeti kabla ya kugusa baiskeli, maana ukisahau unaadhibiwa. Kamba za viatu nazo toa, uweke za elastiki: hakuna muda wa kufunga fundo na vidole vilivyolowa.